Simu ya Sabato

Simu ililia Jumamosi asubuhi, na jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la mtu ambaye hashiki simu Jumamosi.

Vaileth aliitazama bila kuigusa. Mama Nyah. Ikakatika, ikaanza tena.

Alikuwa mshauri wa wanafunzi katika shule ya Kiyahudi kule Silver Spring, Marekani, yeye Mlutheri wa Machame, na jambo la kwanza alilofundishwa pale lilikuwa hili: Ijumaa jua likizama, familia zinazoshika Sabato hazigusi simu, hazipandi gari, hata swichi ya taa haziibonyezi, mpaka Jumamosi usiku. Ukidhani ni utani, wapigie uone. Kitu kimoja tu kinaivunja amri hiyo. Roho ya mtu ikiwa hatarini, rabi wa shule alimwambia, kupiga simu si ruhusa, ni wajibu, na anayesitasita ndiye mkosaji.

Na nyumbani kwa Mama Nyah, roho ya kuhofiwa ilijulikana: ya binti yake, mwanafunzi wa Vaileth.

Alipokea. "Mama Nyah! Nyah yuko wapi? Yuko okay?"

"Yuko hapa, pembeni yangu." Audrey, mama yake Nyah, alikuwa Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili ujanani alipojitolea Dodoma, na sikuzote alikizungumza taratibu, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Leo maneno yalimtoka mbio. "Uko nyumbani, dada? Uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Anapumua?"

"Anapumua. Nyumba yako namba ngapi? Tunakuja."

"Msije kwangu! Pigeni 911, mpelekeni hospitali!"

"Namba ngapi, dada?"

Akaitaja. Nyuma ya sauti ya Audrey injini ya gari iliwashwa, na hapo Vaileth akaikandamiza simu sikioni. Watu wale walikwenda sinagogi kwa miguu hata theluji ilipowafika magotini.

"Usikate simu," Audrey alisema. "Fungua mlango, uuache wazi. Halafu kaa, uzungumze na mimi."

"Nizungumze nini, Mama Nyah?"

"Chochote. Umekunywa chai?"

Chai! Mtu akichanganyikiwa huuliza mambo ya ajabu. Vaileth alilijua hilo kwa kazi yake, na akajibu kwa upole. Hakuwa amekunywa. Maziwa hayakuwepo, friji aliisafisha juzi, na paka alikuwa kwa Irene, jirani wa chini. Aliyasema hayo yote ili mama wa watu asije akapiga mayowe barabarani.

Kosa lilikuwa lake. Alilijua tangu simu ilipolia. Nyah alikuwa na miaka kumi na mitatu tu. Majira ya baridi yaliyopita aliacha kula, akaacha kuongea, kisha siku moja akasema hataki kuendelea kuishi. Kwa miezi mingi Vaileth alikaa naye kila siku ya shule katika chumba kidogo nyuma ya maktaba, mpaka mtoto akaanza tena kucheka. Jana, kabla shule haijafungwa mapema kwa ajili ya Sabato, alimwita, akampa vyungu vyake vyote vya maua na khanga ambayo binti huyo alikuwa akiisifia siku zote. "Umepona," alimwambia. "Hunihitaji tena." Nyah alimkumbatia kwa muda mrefu.

Hunihitaji tena! Neno gani hilo la kumwambia mtoto aliyetoka shimoni juzi? Alitaka waagane vizuri, kumbe amemsukuma kwa mikono yake mwenyewe. Vaileth aliona aibu iliyochanganyika na woga, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Nisamehe," alisema kwenye simu. "Nilimwacha mapema mno."

"Usiseme hivyo. Tuko University Boulevard. Endelea kuzungumza."

"Mwambie nipo. Mwambie mwalimu wake yupo, haendi popote."

Audrey alinong'ona kitu pembeni, kisha akarudi kwenye simu. "Sema tena, dada."

"Siendi popote."

Breki zililia huko chini. Miguu ikapanda ngazi mbio. Tangu Vaileth arudi kwake Adelphi baada ya kumzika Method, mumewe, hakuna aliyezipanda ngazi zile hivyo kumfuata yeye. Alitoka mlangoni akiwa ameitanua mikono, tayari kumpokea mtoto aliyebebwa.

Nyah hakubebwa. Aliwatangulia wazazi wake, katika gauni lake la sinagogi, uso umelowa machozi, amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Vaileth alimshika mabega, akamtazama macho, akamgusa paji la uso. Mzima kabisa.

"Nipo, mwanangu," alisema. "Usiogope. Niambie."

Nyah, ambaye kwa miezi yote hiyo alimjibu kwa Kiingereza, aliishika mikono yake yote miwili, akaibana.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili, "leo ulitaka kufa?"

Vaileth aliketi chini pale pale mlangoni, akaitikia kwa kichwa.