Ufunguo wa Kisima cha Wakfu

Marehemu Tembo aliacha kisima kiwe wakfu kwa kila mwenye kiu. Wadhamini wake, Ngiri mbishi na Nungunungu mwenye kinyongo, waligombea nani ashike ufunguo wa lango. Wakalifunga kwanza, kisha wakaenda kwa Hakimu Korongo, asiyependa maneno mengi.

“Nani ashike ufunguo ni mambo yenu ya ndani,” akasema Korongo. “Mahakama haiingii humo.”

Wakarudi kugombana kwa raha zao. Siku ya tatu akaja Digidigi mahakamani, ulimi nje.

“Mheshimiwa, mimi ufunguo siutaki. Nataka maji.”

“Hilo sasa linanihusu!” Korongo akaamuru lango ling'olewe.

Wanyama wakanywa wakatosheka. Ngiri na Nungunungu wakakata rufaa: lango hawakulidai, walitaka tu kujua nani ashike ufunguo.