Usukani wa Pendaeli

Akina mama wenzangu, kama mwanenu anaunda vigari vya mfano wa magari ya zamani, mfichieni siri. Msifanye nilivyofanya mimi.

Baada ya magari kuanza kujiendesha na usukani kupigwa marufuku, hata wa kuchezea, binti yangu Pendaeli alitafuta miaka mitatu boksi la vipande vya kuundia kigari cha Mustangi, gari la Kimarekani la zamani. Alipolipata akaiunganisha kwa gundi, na usukani wake, mdogo kama dengu, akaubandika kwa ncha ya sindano.

"Mama, usimwonyeshe mtu."

Mimi na sifa zangu! Siku kikundi chetu cha akina mama kilipokutana kwangu, nikaiweka kwenye kabati la vyombo. Mwenzetu mmoja akapiga picha, akairusha mtandaoni.

Wakaguzi wa serikali wakamchukua Pendaeli, wakamtoa hamu ya kuendesha. Amerudi mpole. Tunakula pamoja, lakini nakula peke yangu.

Leo nimemuuliza, "Unataka kwenda wapi, mwanangu?"

"Popote gari litakaponipeleka, mama."