Jogoo na Kifuniko cha Chai

Zamani za juzijuzi tu, Mwalimu Jogoo alipewa kishikwambi cha kufundishia, akakifanya kifuniko cha chai yake. "Kwa sauti hii niliyo nayo, kishikwambi cha nini?" alijigamba.

Wiki haikuisha, wanafunzi wake wote wakahamia kwa Mwalimu Konokono, aliyekitumia chake.

"Dada, nani alikufundisha?" Jogoo aliuliza, kilemba kimemlala.

"Watoto wenyewe, kaka. Niliwaambia sijui."

Jogoo akawafuata watoto hao. "Wanangu, mimi mwalimu wenu hata kukiwasha kishikwambi sijui."

Wakacheka, wakamzunguka, wakamwonyesha, na darasa lake likajaa tena.

Siku hizi chai yake inaingia nzi, ila majigambo ni yaleyale: "Nitajieni mwalimu mwingine aliyesomeshwa na darasa zima."