Godoro la Elikana

Matanga yalipokwisha, Mwinjilisti Zefania alikuja kulichoma godoro la marehemu Elikana, kama ilivyokuwa desturi ya mji ule. Zefania alikuwa bingwa wa Ufunuo. Watu walisema lile joka la vichwa saba analijua kila kichwa kwa jina.

“Ndivyo itakavyokuwa siku ya mwisho, mama,” alimwambia mjane, Bi Yunisi. “Dunia hii itateketea yote, kisha Mungu ataumba nyingine kabisa.”

“Na Elikana wangu? Naye atakuwa mwingine kabisa?”

“Mpya, mama. Yule wa zamani hatakumbukwa.”

Bi Yunisi alikuwa ameishi miaka arobaini na mmoja na mtu aliyekoroma hadi majogoo wa jirani wakapoteza majira. Mume mwingine hakumtaka, hata angekuwa malaika. Akachukua kisu, akalipasua godoro, akamwaga sufi mkekani, madonge matupu yaliyogandamana kwa jasho la ugonjwa.

“Mama, unafanya nini?”

“Mimi kikongwe najua kulifanya godoro kuukuu liwe jipya kwa sufi ileile. Mungu wako ndiye ajue kiberiti tu?”

Zefania akakirudisha kiberiti chake mfukoni. Bi Yunisi aliketi akichambua donge baada ya donge. Sufi ikaota jua, ikaumuka, ikamfikia magotini. Mwinjilisti akavua viatu, akachuchumaa ng’ambo ya mkeka, akaokota donge la upande wa kichwani, akaanza kulifungua taratibu kwa vidole.