Kiapo cha Kapteni

Asubuhi redio ilitangaza kuwa Katiba imefutwa. Mchana wanajeshi wakamfuata Jaji Mkuu Mwinyikondo amwapishe kapteni wao kuwa Rais. Jaji mwenzake aliyekataa alikuwa tayari rumande. Njiani Mwinyikondo alijiambia kwamba ni maneno tu. Akavaa joho, akasoma kiapo mbele ya kamera, naye kapteni akafuatisha, mpaka jaji akafika mstari mmoja akaacha kusoma.

"Mbona kimya, Mzee?"

"Hapa unaapa kuilinda Katiba, Mheshimiwa."

"Ipi, hiyo tuliyoifuta?" Askari wakaangua kicheko. "Ruka hapo, Mzee wangu, twende mbele."

Jaji akaruka mstari ule, kisha uliotaja sheria, kisha uliowataja wananchi. Karatasi ikaisha. Kapteni alikuwa bado ameinua mkono, akingoja aambiwe aseme nini.