Beseni la Babu

Beseni la kunawia lilianza kwa Babu Makame, likapita kwa baba wadogo, likazunguka kwa kaka waliotoka kuchunga mbuzi, ndipo likamfikia Mashavu wa darasa la kwanza. Maji yalikuwa yameshageuka rangi ya chai ya maziwa, na juu yake ulielea unyoya wa kuku.

"Nawa," alisema shangazi Mwanakombo.

"Sinawi. Haya si maji, ni mchuzi."

Baba wadogo wakaangua kicheko. Shangazi hata meno hakuonyesha. "Maji aliyonawa mzee yana baraka. Sote tulinawa humo tukakua."

"Na minyoo je, shangazi? Nayo ilikua?"

Kicheko kikakatika.

"Asiyenawa hapa, hali!" shangazi akafoka.

Pilau ilikuwa ikifuka mbele yake. Maskini, yenyewe haikuwa na kosa. Mashavu alimeza mate, akainuka, akatoka hadi uani alikotundika kidumu cha maji kilichotobolewa, kama walivyofundishwa shuleni. Akakanyaga kijiti kilichofungwa kamba, kamba ikavuta, kidumu kikainama, maji yakatiririka. Alijisugua kwa sabuni mpaka kwenye kucha, taratibu, huku akisikia sinia likikwanguliwa ndani.

Akarudi, akasimama mlangoni, mikono juu.

"Nimenawa."

"Na mimi nimesema huli."

"Basi nitasimama."

Akasimama kweli. Babu alikuwa ameshafinyanga tonge. Aliitazama mikono ile midogo, kisha akavitazama vidole vyake mwenyewe. Tonge likabaki hewani, nusu ya safari kwenda mdomoni, na maji ya mikono ya Mashavu yakaendelea kudondoka kizingitini, tone baada ya tone.