Mgeni Asiyepatana na Moshi

Tangu makumbusho ya wilaya yalipohamishiwa majumbani, kila kaya hupewa kifaa kimoja, mafunzo ya wiki sita na ruzuku. Nyamizi alipewa chungu cha kale. Kwa kuwa moshi hukidhuru, aliacha kupika, na familia yake ikazoea chakula cha kununua.

Mwaka wa tatu ulipoisha, mkaguzi wa makumbusho alikuja.

“Hongera, mama. Chungu hakina hata ufa.”

“Kinaishi vizuri kuliko sisi, baba. Sasa kichukueni, niwapikie wanangu ugali.”

Mkaguzi aliuona mwiko wa Nyamizi ukutani, akaubandika namba kwa upole.

“Kitu kisichotumika kwa miaka mitatu huwa cha makumbusho, mama. Huu nao utautunza wewe, mafunzo unayo.”

Nyamizi alishukuru, kisha akaificha mikono yake chini ya khanga.